Nia ya Kupunguza Unene

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya jioni ya watu wazima, Iyunga, Mbeya

Naamini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Kama yuko aliyesahau daftari, na aombe ukurasa mmoja kwa jirani yake, maana leo tutaandika. Tena nataka kila darasa liwe na kamba. Kamba yoyote yafaa: ya katani, uzi mnene wa kufumia, hata pindo la kanga iliyochakaa. Iwekeni kando kwanza.

Wiki iliyopita mama mmoja wa darasa letu alinisimamisha njiani, pale karibu na stesheni ya TAZARA. Akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nimeambiwa hospitali kwamba nipunguze uzito. La kufanya nalijua. Ninachokosa ni nia. Hiyo nia inauzwa duka gani?" Tukacheka wote wawili, akaenda zake na mimi nikaenda zangu. Lakini swali lake nimelala nalo siku kadhaa. Somo la leo ni jibu langu kwake, na kwako wewe pia kama swali lako ni hilo.

Kwanza nikwambie ambaye somo hili halimhusu. Wewe mwenye mimba, hili si lako. Wewe unayekonda siku hizi bila kujua sababu, usifurahi. Nenda hospitali ukapimwe. Na wewe unayemeza dawa za kisukari au za presha, sikiliza kwa makini, lakini kabla ya kuanza jambo lolote mwone daktari wako, kwa sababu mwili ukipungua, huenda kipimo cha dawa nacho kikahitaji kupunguzwa.

Sasa tuzungumze sisi tuliobaki.

Unene si aibu, wala sikukuita darasani nije kukutukana. Kwetu mtu akinenepa huambiwa, "Umependeza, naona mambo yako mazuri." Binti aliyeolewa akirudi kwao amenawiri, mama yake hufurahi, kwa kuwa ni dalili ya kutunzwa. Hayo hayakuanza jana. Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walijulikana mwaka 1983 huko Kagera, na ugonjwa ukafuata barabara kuu na miji yake. Sisi wa Mbeya, tuliokaa kando ya barabara ya Zambia, twakumbuka tulivyozika. Tangu hapo kukonda kumekuwa neno la kutisha. Mtu akipungua kidogo, watu hutazamana. Kwa hiyo ukiniambia kwamba waogopa kupungua kwa sababu ya maneno ya majirani, sitakucheka. Mke wangu mwenyewe aliniambia mwaka ule nilipoanza: "Baba watoto, watu sokoni wananiuliza kama nakunyima chakula." Siku hizi mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri huwezi kumtambua kwa kumtazama tu. Mnene aweza kuwa mgonjwa na mwembamba akawa mzima. Majirani watasema mwezi mmoja au miwili, kisha watapata jambo jingine la kusema.

Haya, chukueni kamba.

Simama wima, visigino ukutani, bila viatu. Mwenzako akanyage ncha moja ya kamba penye kisigino chako, aivute juu mpaka utosini, aikate hapo. Kamba hiyo sasa ni urefu wako. Ikunje mara mbili, ncha kwa ncha. Hiyo nusu ya urefu wako izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani. Nawajua wanaume mnavyofanya mkisikia habari ya kupimwa. Pumua kama kawaida. Akina mama wapimane wenyewe kwa wenyewe, au kila mmoja akajipime nyumbani kwake. Je, ncha zimekutana?

(Hapa msimamizi wa darasa asimamishe redio, wanafunzi wapimane, kisha waendelee.)

Kama ncha zimekutana, vizuri. Kama hazikukutana, mafuta yaliyokaa tumboni yamezidi. Mafuta ya mapajani na ya makalioni hayana madhara makubwa kama haya ya tumboni. Haya ya tumboni hukaa karibu na ini na matumbo. Huufanya mwili ushindwe kuitumia sukari vizuri, huiinua presha, na huuchosha moyo. Kamba haisemi kwamba wewe ni mgonjwa. Yasema tu kwamba umekaribia njia ya ugonjwa.

Na njia hiyo ina watu wengi. Serikali yetu kila baada ya miaka kadhaa hupima afya ya watu nyumba kwa nyumba. Mwaka 2010, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 22 walikuwa na uzito uliozidi. Walipopima tena mwaka 2015 na 2016, wakawa 28. Na la kusikitisha, unene huu waweza kukaa nyumba moja na utapiamlo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, penye mahindi, viazi, ndizi, maziwa na maparachichi, watoto wengi wamedumaa. Mkoani Iringa mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa hivyo. Baba ana kitambi, na mtoto hakui. Hiyo ni habari ya siku nyingine, lakini sikuweza kuipita kimya.

Sasa nitakwambia habari yangu, maana si haki nikuombe ujipime na mimi nijifiche.

Kaka yangu mkubwa aliugua kisukari miaka mingi. Siku moja kiatu kilimbana, akapata kidonda kidogo cha kidole. Kidonda kikakataa kupona. Alikatwa vidole viwili, baadaye akakatwa mguu chini ya goti, na baada ya hapo hakukaa sana. Alifariki mwezi wa Julai, katika baridi ile mnayoijua. Mimi wakati huo nilikuwa na kilo 101, na nusu ya kamba yangu haikufika: ilipungua shibiri moja na vidole vitatu.

Mnajua desturi. Ndugu wa kiume huchimba. Nikashuka kaburini, nikashika sururu. Ardhi ya mlimani ilikuwa ngumu. Nikapiga mara 10, labda 12. Kifua kikabana, magoti yakaanza kutetemeka, na jasho likanitoka katika baridi ile. Mtoto mkubwa wa marehemu akashuka, akashika mpini wa sururu kwa adabu, juu ya mkono wangu, akasema, "Baba mdogo, lete, upumzike." Nikatoka. Nikaenda kukaa kwenye benchi la wazee. Mmoja wao alikuwa na miaka zaidi ya 70. Akanisogezea nafasi, wala hakusema neno. Mimi nilikuwa na miaka 46. Kaburi la kaka yangu nililitazama likichimbwa na watoto.

Bila shaka wadhani kwamba kuanzia siku ile nilibadilika. La. Kwa muda wa wiki tatu sikugusa soda, nilitembea kila asubuhi, nilikula ugali kiasi cha ngumi. Wiki ya nne nikaanza kusinzia asubuhi. Wiki ya sita nilikuwa kama zamani, na chipsi mayai jioni. Kabla ya hapo nilikwisha jaribu mara mbili. Mara moja niliahidi usiku wa mwaka mpya, na ahadi haikuiona Februari. Mara ya pili nilinunua unga wa majani kwa mtu aliyekuwa akipita na spika, akisema unayeyusha tumbo kwa siku saba. Tumbo liliniendesha siku mbili, na siku ya tatu kitambi kilikuwa pale pale. Dawa ya namna hiyo msinunue.

Huzuni ni kubwa, hofu ni kubwa, lakini zote mbili ni kama hiyo ambayo vijana huiita nguvu ya soda. Hupanda kwa kishindo ikamwagika, kisha ikatulia. Hospitali huweza kukutisha, na mara nyingine huweza kukukemea mbele za watu. Mimi nimewahi kukemewa hivyo, na nilichofanya nilipotoka ni kwenda kula, kwa uchungu. Anayedhani kwamba mtu mnene akiaibishwa vya kutosha atapungua, amekosea. Aibu humfanya mtu ajifiche, hata mizani aikimbie.

Basi nia niliipata wapi? Niliipata darasani kwetu, nikifundisha.

Katika darasa la mwaka ule nilikuwa na wanafunzi wawili ambao siwezi kuwasahau. Siku ya kwanza niliuliza kila mmoja, "Kwa nini umekuja kusoma?" Bwana mmoja akasimama akasema vizuri sana, kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na taifa lisilosoma haliendelei. Tukampigia makofi. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Mimi nataka kusoma meseji ya pesa mwenyewe. Mwanangu akinitumia hela kwa simu, lazima nimpe kijana wa jirani anisomee. Sijui kama anasema kweli." Hakuna aliyempigia makofi. Yule bwana alikuja wiki mbili. Yule bibi alikuja mvua ikinyesha, akaja na baridi ya Juni akiwa amejifunga blanketi, akaja mpaka akasoma.

Nikatafakari jambo hilo. Sababu ya yule bwana ilikuwa kubwa na nzuri, lakini haikumwamsha kitini jioni akiwa amechoka. Ya bibi ilikuwa ndogo, na aliiona kwa macho yake kila mwezi, kila simu ilipolia. Nami nilikuwa nikijiambia, "Nataka afya njema. Nataka niishi miaka mingi." Maneno mazuri, lakini hayawezi kushindana na sahani ya chipsi inayonukia mbele yako. Afya njema iko mbali. Chipsi ziko karibu.

Usiku ule nilichukua daftari nikaandika sentensi moja: Nataka kupiga sururu mara 100 bila kupumzika.

Ndiyo hiyo tu. Sikuandika habari ya kilo. Na nikwambie, sentensi hiyo ilinikera kila nilipoisoma, kwa kuwa nilijua ilikotoka. Lakini haikuwa hofu tena. Ilikuwa kazi, na kazi mtu huweza kuihesabu.

Sasa wewe. Sababu yako ni ipi? Usiniambie ya kwenye mabango. Labda wataka kumbeba mjukuu kutoka barabarani mpaka nyumbani pasipo kumtua njiani. Labda wataka kuinama ufunge viatu bila kushika pumzi. Labda wataka kuvaa gauni la kitenge ulilovaa harusi ya dada yako. Labda wataka kwenda kanisani au msikitini kwa miguu pamoja na wenzako, usiwe wewe unayesubiriwa. Hata kama waona ni jambo la kitoto, iwapo ni lako kweli, liandike. Sentensi moja, kwa mkono wako, na tarehe ya leo.

(Msimamizi asimamishe redio kwa dakika 5. Asisome sentensi ya mtu yeyote kwa sauti bila ruhusa ya mwenyewe.)

Yako pia maneno mawili ya kuandika: hamu na nia. Hamu ni kutaka. Huja na kuondoka, kama mawingu ya Loleza asubuhi. Nia ni kuamua, na mtu huweza kuwa na nia siku ambayo hana hamu hata kidogo. Wengi tunakaa tukisubiri hamu ije ndipo tuanze. Nilichokiona mimi ni kinyume chake. Siku ambazo sikuwa na hamu nilivaa viatu tu, nikajiambia nitafika mpaka relini nirudi. Nikishafika relini, miguu ilikwisha pata moto, na hamu ilikuja njiani.

Sasa hesabu kidogo, kwa wale wa hatua ya pili. Ni kilo ngapi mtu apunguze? Wengi hudhani lazima warudi kama walivyokuwa na miaka 18, nao hukata tamaa kabla ya kuanza. Huko Marekani watafiti walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, ila bado hawajawa wagonjwa wa kisukari. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na kitu ndani, na wengine walifundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Baada ya miaka kama mitatu, wale waliofundishwa kupunguza uzito walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale wa vidonge vitupu. Maana yake, mahali ambapo wangeugua watu 100, waliugua 42. Dawa nayo ilisaidia, lakini kwa asilimia 31 tu.

Asilimia 7 ni nini? Mwanamke mwenye kilo 80 azidishe 80 kwa 7, apate 560, kisha agawe kwa 100. Jibu ni kilo 5 na sehemu 6 za kumi. Si kilo 20. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutoka nyumbani kwako mpaka pale unapopandia bajaji ya Mwanjelwa, kwenda na kurudi, huenda umekwisha timiza nusu saa bila kujua. Ukipita njia za ndani ni bora kuliko barabara kuu yenye malori. Na akina mama msitoke peke yenu alfajiri. Ngojeni kupambazuke, au tembeeni jioni.

Nikisema "msitoke peke yenu", nimefika kwenye jambo jingine.

Wazee miongoni mwenu mwaweza kukumbuka mwaka 1973. Mwaka ule kulikuwa na masomo ya redio yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoyaandaa. Kwa muda wa wiki 12, watu karibu milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, kama mlivyokaa ninyi sasa, wakisikiliza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Lakini hawakusikiliza tu. Redio ilipozimwa walisoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua pamoja watafanya nini: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Walichimba vyoo vingi sana. Mtu mmoja mmoja angeweza kusema, "Nitachimba wiki ijayo." Lakini jirani amekwisha chimba, na mwenye kikundi atauliza. Miaka miwili baadaye, 1975, yakaja masomo ya "Chakula ni Uhai". Enzi zile mazungumzo mengi yalikuwa ya namna ya kupata chakula cha kutosha na kilicho bora. Chakula cha kuzidi hakikuwa na somo lake. Basi leo tunalifanya.

Ninachokuomba ni mwenzako mmoja. Usitafute kumi. Mimi nilimpata fundi baiskeli anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yeye si mnene. Alikuwa na presha. Tulipatana kwamba saa kumi na mbili na robo asubuhi yule aliyetangulia agonge dirisha la mwenzake. Yako masiku nilimlaani kimoyomoyo niliposikia dirisha likigongwa. Lakini huwezi kumwambia mtu aliyesimama nje kwenye baridi kwamba huendi. Ukimchagua mwenzako, usichague yule atakayekusifu tu. Tena usimchague yule atakayekucheka. Na mume na mke wakiwa pamoja katika jambo hili ni vyema zaidi, maana anayepika akiwa hajui, vita vimekwisha kabla ya kuanza.

Habari ya chakula nitasema kidogo tu, kwa sababu mmekwisha ambiwa mara nyingi. Chagueni jambo moja, msichague manne. Mimi nilianza na soda. Chupa moja ya soda ina sukari karibu vijiko 9 vya chai; jaribu kuvipima vijiko 9 kwenye kikombe uvitazame. Mwezi wa pili nikapunguza sukari ya chai, kutoka vijiko vitatu nikaja kimoja. Mwezi wa tatu ndipo nilipogusa ugali: nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Wali wa Kyela bado nakula, na parachichi nakula. Chipsi naona zikinukia, napita upande wa pili wa barabara. Sikwambii uongo, hata sasa napita upande wa pili.

Daftari lako liwe na mistari minne. Tarehe. Dakika ulizotembea. Lile jambo moja la chakula, umelishika au hukulishika: andika ndiyo au hapana. Mstari wa nne ni wa Jumapili tu: kamba. Funga fundo mahali ncha inapoishia, na baada ya wiki nne ufunge jingine. Mwenye nafasi apime na uzito, kituo cha afya au kwa vijana wenye mizani pale stendi, lakini mara moja kwa wiki yatosha. Anayepima kila siku hufurahi leo na kulia kesho kwa sababu ya maji tu aliyokunywa. Wataalamu wameona mara nyingi kwamba mtu anayeandika anachokula hupungua kuliko asiyeandika. Ninyi mnajua kuandika. Wako wengi wasioweza kuifanya kazi hii kwa sababu hawakuja darasani.

Ukiandika "hapana", iache ikae. Usiing'oe karatasi. Daftari langu lina "hapana" nyingi, na mwezi wa Desemba zimefuatana kama wanafunzi wamepanga mstari. Kwa miezi sita nilikuwa nimeshuka mpaka kilo 93. Ikaja Krismasi, wageni, pilau, bia. Januari nikapima, 96. Nikakaa juma zima sijafungua daftari. Fundi baiskeli akagonga dirisha, nikamwambia nina mafua. Siku ya pili akagonga. Siku ya tatu akasema kwa sauti, wapangaji wote wakisikia, "Mwalimu, mafua yako yana kilo ngapi?" Nikatoka.

Baadaye nilijifunza kwamba kurudi nyuma kuna sababu mwilini. Mtu akipungua, mwili hudhani njaa imeingia nchini. Huongeza ile hali ya kuona njaa na hupunguza matumizi yake, kama mama anayebana unga mwezi wa Februari. Kwa hiyo ukipungua kilo tano ukajiona na njaa kuliko zamani, si kwamba wewe ni mlafi au mvivu. Ni mwili unaolinda akiba. Kwa sababu hiyo usifanye haraka. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na iko miezi utakayokaa pale pale, na kukaa pale pale bila kupanda nako ni kazi. Siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito, na ni kweli zinafanya kazi, ila bei yake ni kubwa, na watu wengi walioziacha uzito uliwarudia. Daktari ndiye wa kuzisema, wala si muuzaji wa mtandaoni.

Nilipofikisha miezi 14 nilikuwa na kilo 89. Kamba yangu bado haikutani. Inapungua vidole vinne. Daktari anasema sukari yangu iko sawa, na presha imeshuka. Mwaka huo nilichimba mashimo ya miparachichi nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe, mashimo 9, nikihesabu kila pigo la sururu kama mtu aliyerukwa na akili. Watoto walikuja kunitazama.

Mwezi wa nane uliopita alifariki yule mzee aliyenisogezea nafasi kwenye benchi. Nikaenda na sururu yangu. Mtoto wa kaka alikuwepo. Nilishuka, nikapiga 64, ndipo nikampa zamu yake.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kwanza, andika upya ile sentensi yako katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa herufi kubwa. Pili, kabla ya Jumapili mtafute mwenzako, mpatane saa na mahali. Andika jina lake. Tatu, tembeeni mara tatu, na muandike dakika. Msimamizi asiulize kilo za mtu yeyote. Aulize tu, "Dirisha lilifunguliwa?"

Wiki ijayo tutasoma habari ya chumvi na presha. Kila mmoja aje na kijiko cha chai kutoka nyumbani. Kwaherini.